Kuni Nyuma ya Baba

Kikohozi kilitangulia. Tulikuwa watano nje ya stoo ya maabara, mlango umefungwa kwa ndani, na humo ndani mtu akakohoa, akanyamaza kidogo, akasema "habari za jioni," akakohoa tena. Ukasikika mlio kama wa panya wengi wakikimbia juu ya dari, kisha mtu yule akakohoa kikohozi kile kile, akanyamaza kwa muda ule ule, akasema "habari za jioni" kwa sauti ile ile. Ilipofika mara ya nne, mwenzetu mmoja aliyelelewa na bibi yake akapiga ishara ya msalaba na kwenda zake. Hakurudi tena kwenye klabu. Nasikia siku hizi ni mhasibu.

Tukabaki wanne. Mlango ulipofunguliwa, alisimama mwalimu wetu wa jiografia, miwani imemteremka puani, na nyuma yake, ndani ya televisheni iliyowekwa juu ya kreti la soda, alikuwamo yeye tena, mdomo wazi, hatikisiki. Alituuliza kama tumekuja kwa ajili ya Klabu ya Habari. Tulisema ndiyo. Akasema tuingie mmoja mmoja tusikanyage waya, na yule wa kwenye televisheni akaendelea kututazama mdomo wazi.

Ilikuwa miaka ile televisheni ilipoanza kushika Tanzania Bara, na Moshi nzima ingeweza kutaja nyumba zenye antena kama unavyotaja nyumba zenye mapacha. Mwalimu, ambaye sisi tulimwita Madam, alitoka Lindi. Alikuwa amesoma Dar es Salaam miezi sita namna ya kutengeneza vipindi, akitumaini kuajiriwa na kituo kimojawapo kati ya vile vilivyokuwa vikifunguliwa. Badala yake akapangiwa kuja kwetu kufundisha aina za miamba. Alilisema hilo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekutajia namba ya kiatu chake. Alipanga chumba Shirimatunda, na kila asubuhi alifika shuleni akiwa na vumbi hadi magotini na kitabu cha ramani kwapani.

Kamera yenyewe ilikuwa zawadi ya parokia moja ya Ulaya iliyokuwa na urafiki na kanisa lililoendesha shule yetu. Ilikuja na barua ya kuomba itumike kwa faida ya vijana. Mkuu wa shule aliitia barua ile kwenye fremu akaitundika ofisini kwake, na kamera akaifungia stoo miaka miwili, kwa kuwa aliamini kitu hudumu zaidi kisipotumika. Madam alimwandikia maombi mara tatu. Mara ya tatu akaruhusiwa, kwa sharti kwamba kamera isitoke nje mvua ikinyesha, jua likiwa kali, wala siku ya Jumapili.

Wiki mbili za kwanza hatukuigusa. Madam alitupa tofali la kuchoma. Kila mmoja alilibeba begani akauzunguka uwanja wa mpira bila kulitikisa, jicho moja limefumbwa, huku timu ya shule ikifanya mazoezi katikati.

"Fundi, unajenga wapi?" walituuliza. "Ukimaliza njoo na kwetu, choo kimebomoka."

Mimi ndiye niliyelibeba vizuri. Kwetu nilizoea kushuka na mkungu wa ndizi kichwani kwenye njia yenye mawe yanayoteleza, kwa hiyo tofali halikunipa shida. Ndivyo nilivyopata kuwa mpigapicha. Msomaji wa habari alikuwa rafiki yangu, binti wa familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la kukodisha kanda za video upande wa Mawenzi. Babu yake alizaliwa Moshi, na yeye alikijua Kichagga cha sokoni, yaani bei na matusi, kuliko Madam atakavyowahi kukijua. Sauti yake ilikuwa na ubaridi wa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Wale wawili wengine walishika nyaya na taa, wakafanya hivyo kwa uaminifu mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na sina la kuwaongezea.

Tulijifunza. Tulijifunza kuhesabu sekunde tano kimya kimya kabla mtu hajaanza kusema na tano nyingine baada ya kumaliza. Tulijifunza maswali sita: nani, nini, wapi, lini, vipi na kwa nini, na Madam akasema matano ya kwanza watu watakujibu wakiwa wamesimama, la sita wataomba kiti. Zaidi ya yote alitufundisha kutazama nyuma ya mtu. Somo hilo lilitokana na picha ya mkuu wa shule, ambayo niliipiga mimi, akieleza umuhimu wa nidhamu huku mlingoti wa bendera umemwota katikati ya utosi.

"Hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera peke yake," alisema Madam. "Amesimama mbele ya kitu. Kitazame hicho kitu kwanza."

Nikaliandika daftarini nikalipigia mstari. Tangu siku hiyo nikawa natafuta milingoti.

Muhula wa pili mkuu wa shule aliagiza kipindi cha robo saa kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Alitaka vyoo vipya vionekane. Kwaya ikadai ionekane. Ng'ombe wa shule alikuwa amezaa, naye akapewa dakika moja. Madam akasema taarifa ya habari haiwezi kuwa vyoo, kwaya na ng'ombe pekee. Tunaishi mlimani, watu wanalima kahawa, kwa nini hatuna habari ya kahawa? Nikanyoosha mkono. Nikasema baba yangu ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu, juu ya Rau, na anazungumza vizuri.

Yote mawili yalikuwa kweli. Baba alikuwa amekishika kiti hicho miaka tisa, na Jumamosi baada ya Siku ya Wazazi wanachama wangekutana kuchagua upya. Alikuwa akigombea tena. Kwetu kiti kile hakikuwa na mshahara wa kutajwa, lakini kilimpa baba namna yake ya kutembea. Akipita njiani watu walisogea pembeni kwenye migomba, wakamsalimu, naye akauliza habari za mibuni yao kabla ya kuuliza habari za watoto.

Hiyo ndiyo miaka kahawa ilipoanza kutukimbia. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda na magari yao madogo mpaka mlangoni kwa mtu, bei ilikuwa inashuka kwa kasi kuliko walivyokuwa wao wakipanda, na dawa, ambayo zamani chama kiligawa, sasa kila mtu alijinunulia. Watu wakaanza kutazama mibuni yao kwa jicho la mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana. Kung'oa kulikatazwa. Baba alisimama nje ya kanisa kila baada ya misa, wakati wa matangazo, akawakumbusha. Mwaka mmoja kabla ya kipindi chetu, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji aling'oa mibuni kumi na mmoja akapanda nyanya. Kamati ya chama, baba akiwa kichwani, ikamwita, ikamhoji, ikamtoza beberu. Beberu akachinjwa na kamati ikamla, kama ilivyo desturi, maana faini isiyoliwa haikumbukwi. Baba alirudi nyumbani na mbavu zimefungwa kwa jani la mgomba. Zilikuwa na mafuta ya kutosha. Mimi nilipata mbili.

Tulipanda kwetu Jumamosi, wanne sisi na Madam, kamera imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Madam aliuliza mara kadhaa kama bado ni mbali, na kila mama tuliyepishana naye alimjibu kwamba ni hapo tu. Alipofika alikaa kwenye jiwe la kufulia kwanza.

"Shikamoo mzee," akasema akiwa bado amekaa, akaomba radhi kwa kukaa.

"Marahaba, mwalimu. Mlima haujakuzoea," baba akajibu.

Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Tayari alishachagua mahali pa kusimama: karibu na lango la kihamba, shamba letu la kuzunguka nyumba, mbele ya mibuni minane ambayo majani yake yalikuwa na rangi ya buluu ya mrututu, dawa iliyopuliziwa wiki ile ile. Ilikuwa mibuni mizuri. Nikaiweka kamera begani, nikafumba jicho. Jua lilikuwa nyuma yake, na uso wa baba ulikuwa mweusi kama tako la sufuria.

Nilimnong'oneza Madam. Akaniambia mpigapicha ni mimi, niamue.

Basi nikaamua. Nilimtoa baba langoni nikamzungusha uani kama mtu anayehamisha kabati, nikimsimamisha hapa, nikimsogeza pale, mpaka tukafika ubavuni mwa jiko la nje, ambapo mwanga ulimwangukia vizuri.

"Hapa jikoni?" akauliza.

"Mwanga, baba."

Alitazama nyuma yake. Akanitazama mimi. Akamtazama Madam, ambaye alimtabasamia. Akasema hapa mibuni haionekani, na habari ni ya kahawa. Madam akamweleza kwamba mibuni tutaipiga peke yake baadaye, kisha tutaiunga na maneno yake. Baba akauliza kama mambo hayo yanawezekana. Akaambiwa yanawezekana. Akasimama.

Nilitazama nyuma yake kama nilivyofundishwa. Kioo cha kutazamia cha kamera ile kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na picha yake haikuwa na rangi. Nilitafuta mlingoti. Hapakuwa na mlingoti. Palikuwa na ukuta, upenu, na rundo la kuni, na kuni kwenye ukuta wa jiko ni kitu ambacho jicho la mtu wa kwetu hukipita kama linavyopita ukuta wenyewe.

Tatizo pekee lilikuwa kwamba baba hakutulia. Kila nilipoanza kurekodi aliegemea kushoto.

"Baba, rudi kulia kidogo."

Akarudi, na baada ya maneno mawili akawa kushoto tena. Nikamwambia asimame tu kama anavyosimama kanisani. Akafungua vifungo vya koti akalipanua kwa mikono yote miwili, viganja kiunoni, kama kuku aliyeona mwewe. Nikamwomba alifunge, kwa kuwa lilificha mwanga. Akalifunga. Mara ya nne alisimama wima, katikati, mikono chini, akasema yote aliyokuwa nayo kwa dakika nne bila kukwama. Alisema bei hupanda na kushuka lakini mti hukaa. Alisema aliyeng'oa mbuni amekata mguu wa kitanda anacholalia. Rafiki yangu, akishika kipaza sauti, akamuuliza swali la sita. Baba akasema kwa sababu mbuni si wa aliyeupanda wala si wa anayeuchuma, ni wa wale ambao bado hawajafika.

Tukahesabu sekunde tano. Mama akatuita tukale mtori. Madam alikula bakuli mbili, akasema mzee huyu angefaa redioni.

Jumatatu tuliketi stoo kuunga kipindi. Deki moja ilikuwa ya shule, ya pili ilitoka dukani kwa kina rafiki yangu. Moja inachezesha, nyingine inarekodi, na kidole chako ndicho mkasi. Rafiki yangu akaitia kanda. Baba akatokea kwenye televisheni, mkubwa, wa rangi, koti lake la kijivu na uso wake umepata mwanga barabara.

Na kuni nyuma yake zikapata mwanga vile vile.

Lazima nieleze, kwa ajili ya wasomaji ambao kahawa wameijua kwenye kikombe. Mtu anayepogoa mbuni hupata vijiti. Mtu anayekata mbuni mzee ili uchipue upya hupata gogo, na gogo hilo lina ncha mbili zilizokatwa. Hizi kuni za kwetu hazikuwa vijiti. Zilikuwa mashina manene, yamepangwa vizuri, na kila moja kwa upande mmoja lilikuwa na mizizi. Mizizi ilijikunja kama vidole vya mtu aliyevutwa kwa nguvu kutoka mahali asipotaka kutoka, na udongo mwekundu ulikuwa bado umeing'ang'ania. Nilihesabu hadi thelathini, kisha kichwa cha baba kikaziba mengine. Baba, mbele ya mashina hayo, alikuwa anasema habari ya mguu wa kitanda.

"Umeona mzimu?" rafiki yangu akauliza.

Nikasema kioo kina vumbi. Nikakifuta kwa sweta. Mizizi haikufutika.

Yeye hakuona kitu. Madam naye alikuja, akatazama mwanzo mpaka mwisho, akasema hii ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, na hasa alipenda zile kuni kwa sababu zinaonyesha mazingira. Kwao Lindi kuni ni kuni. Nikamwambia sauti ina kasoro. Akairudisha nyuma akasikiliza, akasema sauti hii ni safi kuliko yake. Nikauliza kama hatuwezi kubakisha maneno tu na kuweka picha za mibuni juu yake. Akasema ingekuwa vizuri, lakini kwa deki hizi mbili sauti na picha havitengani. Ukimtaka mzee, unamchukua na alichosimama mbele yake.

Jumamosi nikapanda nyumbani peke yangu. Nilimkuta baba chini ya kihamba, karibu na mfereji, mahali ambapo migomba imesongamana na mtu wa njiani haoni. Palikuwa na mibuni pale tangu sijazaliwa. Sasa palikuwa na mabingobingo, majani marefu ya ng'ombe, na baba alikuwa anayakata kwa mundu. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinuka.

"Baba, kuni zinaonekana."

Akakata fungu moja, akaliweka kando. "Zinaonekana kiasi gani?"

"Mizizi."

"Na udongo?"

"Na udongo."

Akasema televisheni za siku hizi ni nzuri.

Niliendelea kusimama. Baada ya muda akaniambia, akiwa bado anakata, kwamba aling'oa Jumapili tatu mfululizo, wakati kijiji kizima kiko misa ya kwanza. Alisingizia tumbo. Kisha alinawa akaenda misa ya pili, akasimama nje wakati wa matangazo, akawakumbusha watu. Mama alijua. Nikamuuliza swali la sita. Nilitegemea atataja bei, au ng'ombe, au ada yangu, nami nilikuwa tayari kulia kidogo kwa ajili ya hiyo ada.

"Nilichoka," akasema.

Alichoka na mrututu. Alianza kubeba bomba la dawa mgongoni akiwa na umri wa miaka kumi na mbili. Alisema hata kwenye picha ya harusi yake, ile isiyo na rangi, yeye akiitazama huona kucha zake ni za buluu. Alisema kila alipolitundika bomba ukutani lilikuwa linamtazama. Siku moja akashika mbuni mmoja kwa mikono ili autikise tu, aone kama una nguvu, ukatoka, na alipouona umelala chini akajisikia kama mtu aliyevua viatu. Basi akautoa na wa pili.

Nikamuuliza kama nimkate kwenye kipindi.

Aliinuka hapo, akanyoosha mgongo. "Nikikuambia ukate, nitakuwa nimemfundisha mtoto kuficha. Nikikuambia uache, nitakuwa nimejichinja mwenyewe. Uliniita kusimama pale kwa kazi yako. Ifanye kazi yako. Mimi nitakuja kama mzazi."

Akajitwisha majani akapanda nyumbani, akiniacha na mundu.

Jumatatu nikamweleza Madam kila kitu, pamoja na yule beberu. Alisikiliza miwani imeteremka. Akauliza kama ni kweli wazazi wote watatambua.

"Wote, Madam."

"Bila kuambiwa?"

"Kabla hajafungua mdomo."

Akaipandisha miwani. Akasema mkuu wa shule akiulizwa atamuuliza yeye, na yeye akiulizwa atasema mpigapicha ni mimi. Hakulisema kwa ukali. Nadhani aliniheshimu, ingawa wakati ule ningependa aniheshimu kidogo tu.

Nilikata. Siku moja baada ya vipindi niliketi na deki mbili nikamtoa baba wote, kuanzia koti mpaka wale ambao bado hawajafika. Kilichobaki kilikuwa vyoo, kwaya na ng'ombe, dakika kumi na moja. Nilikitazama mara mbili. Kilikuwa kipindi safi kuhusu mlima ambao haujawahi kuota kahawa.

Rafiki yangu aliingia akatazama. "Baba yako kaenda wapi?"

"Nimemtoa."

"Kafanya nini?"

Nikamweleza na yeye. Hakucheka. Aliuliza kama yule jirani wa beberu atakuwepo. Nikasema ana binti kidato cha pili, hakosi hata mwaka mmoja.

"Na beberu mlikula?"

"Tulikula."

"Wewe pia?"

Nikasema mbavu mbili. Akachukua kanda ya kwanza, akaitia kwenye deki yao, akairudisha nyuma mpaka mahali baba anapoanza, akaisimamisha hapo. Kisha akatoka kwenda kununua karanga. Nilikaa na baba amesimama mbele yangu kwenye kioo, mstari mweupe unamtetemeka kifuani. Ningependa kuandika kwamba nilifikiria ukweli na kazi ya mwanahabari. Nilifikiria mafuta ya zile mbavu, jinsi nilivyolamba vidole. Nikamrudisha.

Siku ya Wazazi madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi ya bweni. Televisheni iliwekwa juu ya meza, na meza juu ya meza. Madam alitangaza kwamba mlango ukishafungwa asitoke mtu, maana mwanga kidogo tu unaua picha. Baba alikuja na koti lake. Kwa kuwa ni mwenyekiti alikaribishwa mstari wa mbele, kiti cha pili kutoka kwa mkuu wa shule. Hakuniuliza kitu. Alinipa mkono kama anavyowapa walimu. Jirani alikuwa mstari wa nne, kofia magotini.

Kipindi kikaanza. Vyoo vilipigiwa makofi ya heshima. Kwaya ilijipigia yenyewe. Ng'ombe alishangiliwa kwa moyo, na mtu mmoja akauliza anatoa lita ngapi. Kisha sauti ya rafiki yangu ikatangaza habari ya kahawa, na baba akatokea, na ukumbi ukanyamaza.

Haukuwa ukimya wa kusikiliza. Nilikuwa nimesimama ukutani, karibu na mlango, naona nyuso kwa mwanga wa televisheni. Macho hayakuwa kwa baba. Yalikuwa upande wa kushoto kwake, yanahesabu. Mama mmoja akaguna. Mkuu wa shule, ambaye alitoka mkoa mwingine, akatikisa kichwa kwa kukubaliana na kila sentensi.

"Hizo kuni zitawaka vizuri," akasema jirani gizani, kwa utulivu. "Zina mizizi."

Kicheko kilianzia nyuma. Kilikuja mbele mstari kwa mstari, bila haraka, kama maji yanapofunguliwa kwenye mfereji, na kilipofika mstari wa kwanza baba alikuwa ameshasimama. Kwenye kioo baba yule mwingine aliendelea, anasema bei hupanda na kushuka.

Baba aliwageukia. Nilitazama mikono yake, na ilikuwa chini.

"Mibuni ile ni ya kwangu," akasema. "Niling'oa mwenyewe, nyinyi mkiwa misa. Kumi na mmoja ya ndugu yangu huyu niliihukumu, yangu sikuitaja. Jumamosi mchague mtu mwingine, na msinipendekeze kwa huruma." Kisha akaongeza, kama aliyekumbuka adabu, "Kaeni. Waacheni watoto wamalize kazi yao."

Akatembea kati ya viti. Jirani akavuta miguu kumpisha, kama watu walivyokuwa wakimpisha njiani. Alipofika mlangoni alikuwa hatua moja kutoka kwangu, lakini hakunitazama. Alikuwa anatazama televisheni, anajitazama, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayepima kazi ya fundi. Akangoja mpaka sentensi iishe. Akaufungua mlango kwa upana wa mwili wake tu, akapita kwa ubavu ili mwanga usiingie, akaufunga nyuma yake taratibu, kitasa amekishika mpaka mwisho, kisilie.